Sintetiki au ya kawaida? Chagua oili ya gari lako kabla fundi hajakuchagulia

Swali lenyewe huja wakati mbaya. Gari limeshapandishwa jeki, nati ya sampu (chombo cha oili kilicho chini ya injini) imefunguliwa, oili nyeusi inashuka kwenye beseni, na fundi anakutazama huku akifuta mikono kwa kitambaa: "Mzee, leo tuweke ya kawaida au sintetiki?" Kama hukujiandaa, jibu litatoka kwenye rafu ya duka la jirani, si kwenye injini yako. Utalipa, utaondoka, na gari litanguruma vizuri tu, maana oili isiyofaa haiui injini siku hiyo hiyo. Huila kidogo kidogo.

Nimeendesha spesheli, yaani teksi ya kukodi, hapa Kampala miaka mingi, kwanza Corolla iliyochoka, kisha Premio, sasa nina Wish. Nilichojifunza kwa hasara ni kwamba tunabishana sana kuhusu sintetiki na ya kawaida, kumbe hilo ni swali la tatu. La kwanza ni namba ya unene, la pili ni daraja la ubora, ndipo aina ifuate. Ukikosea la kwanza, hata sintetiki ya bei ghali kuliko zote pale Kisekka, soko letu la vipuri, haitakuokoa. Kwa hiyo twende kwa mpangilio huo.

Hatua ya kwanza: jua injini yako inataka namba gani

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu chake, kama bado kipo, kimeandikwa Kijapani. Usikitupe. Tafuta ukurasa wenye 0W-20, 5W-20, 5W-30 au 10W-30. Hizo hazihitaji mkalimani, na maneno yaliyo pembeni yake unaweza kuyatafsiri kwa kamera ya simu. Kama kitabu hakipo, fungua boneti uangalie kifuniko cha kumiminia oili. Toyota nyingi zimeandikwa namba hapo hapo juu.

Halafu fungua mlango wa dereva. Kwenye fremu yake mara nyingi utakuta kibandiko kidogo cha gereji ya huko kinachoonyesha oili ilibadilishwa lini na gari likiwa na kilomita ngapi, na wakati mwingine hata namba ya oili. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao: ukiona 24 ya enzi ya Heisei, jumlisha 1988 upate 2012, ikiwa ni enzi ya Reiwa, jumlisha 2018. Kibandiko cha Premio yangu kilisema kilomita 61,000. Dashibodi ilisema 48,000. Hiyo nayo ni habari, ingawa si ya oili.

Sasa hizo namba zina maana gani? Ile inayofuatwa na W inahusu injini ikiwa baridi. W yenyewe imetoka kwenye neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya 0W hupimwa kama injini inaweza kuzungushwa nayo kwenye baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri, ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Kabale, mji wetu wa milimani wenye baridi, haijafika huko hata alfajiri ya Julai, na ndiyo maana utasikia watu wakisema namba ya kwanza haituhusu. Si kweli kabisa. Oili haisubiri barafu ndipo iwe nzito. Asubuhi ya nyuzi 12, 20W-50 hupanda polepole kama uji ulioanza kuganda, wakati 0W au 5W imeshafika juu kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua vali. Na sekunde hizo za kwanza baada ya kuwasha ndizo ambazo vyuma husuguana vikiwa na oili kidogo.

Namba ya pili ni unene wa oili injini ikiwa imepata moto, ukipimwa kwenye nyuzi 100. Kwa kipimo cha mnato kiitwacho sentistoki, oili ya 20 iko kati ya 6.9 na 9.3, ya 30 inaanzia 9.3 na kuishia 12.5, ya 50 inaanzia 16.3. Yaani ya 50 ikiwa moto ni karibu mara mbili ya unene wa 20, au zaidi.

Hapa ndipo wengi wetu tunapotezwa na msemo mmoja wa gereji: "Afrika ni joto, weka oili nzito." Joto la nje na joto la injini ni vitu viwili. Injini yenye thamostati nzima na radieta safi hukaa kwenye nyuzi tisini hivi, iwe Ntinda hapa Kampala au Sapporo kwenye theluji ya Japani. Nchi zenye joto kweli huruhusu kupanda ngazi moja: gari la 0W-20 linaweza kutumia 5W-30 bila shida, na vitabu vingi vya Toyota vinaonyesha hivyo. Kuruka kutoka 0W-20 hadi 20W-50 ni habari nyingine. Injini za VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha wakati wa kufunguka vali, hutumia oili hiyo hiyo kama mkono wa kusukuma na kurudisha kamshafti, kupitia vitundu vyembamba. Oili nzito huchelewa kufika huko.

Mimi nilijua hayo Kabale, si darasani. Niliwapeleka watu msibani, tukalala. Wiki moja kabla nilikuwa nimefanyiwa sevisi mjini, nikawekewa 20W-50 bila kuuliza. Alfajiri nikawasha Premio: *krrr-krrr-krrr* kutoka upande wa cheni ya taimingi, sekunde tatu hivi, kisha kimya. Nikazima, nikangoja, nikawasha tena, kimya. Mzee mmoja fundi wa pale jirani akaja na glasi yake ya chai mkononi. Hakugusa chombo chochote ila kijiti cha oili. Akakichomoa, akachukua tone, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akalivuta likawa kama uzi. "Mwanangu," akasema, "hii ni oili ya lori bovu. Nani alikuwekea?" Nikaona aibu kumjibu kwamba nililipa mwenyewe. Nilipobadilisha nikaweka 5W-30, makelele yale ya asubuhi yakaisha. Cheni ilikuwa bado nzima. Nilikuwa na bahati.

Hatua ya pili: soma herufi, si picha ya gari la mbio

Geuza chupa uangalie nyuma. Kuna duara la API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, ambalo katikati yake ni namba ya unene na juu yake ni herufi mbili. Kwa petroli herufi ya kwanza ni S, kwa dizeli ni C. Herufi ya pili kadiri inavyosonga mbele kwenye alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya kisasa: SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Kwa dizeli utakuta CF-4 ya zamani, CI-4 ya 2002, CK-4 ya 2016.

Kinachonikera ni oili za SF ambazo bado zinauzwa kwa galoni kubwa, bei nafuu, lebo inameta. API wenyewe wanasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15. Kwa hiyo gari lolote lililoingia majuzi kupitia mipaka ya Malaba au Busia ni changa mno kwa oili ya SF. Kwa petroli, usishuke chini ya SN ukiweza kupata. Ukiweza kupata SP, chukua SP, hata kama ni ya kawaida. Ningechagua SP ya kawaida yenye namba sahihi kuliko chupa iliyoandikwa sintetiki kwa herufi kubwa bila duara lolote mgongoni.

Hatua ya tatu: elewa unacholipia ukisema sintetiki

Oili zote zina sehemu mbili: oili ya msingi, na dawa zinazochanganywa humo za kusafisha, kuzuia kutu, kupunguza msuguano na kadhalika. Tofauti ya kawaida na sintetiki iko kwenye ule msingi. Msingi wa kawaida ni mafuta ghafi yaliyosafishwa. Molekuli zake zina saizi mchanganyiko, kama dagaa na sangara kwenye kapu moja. Sintetiki imejengwa au imebadilishwa kiwandani hadi molekuli zikakaribia kulingana. Zikilingana, haziwi nzito sana kwenye baridi, hazipungui haraka kwa kuvukia kwenye joto, na hazigeuki tope upesi.

API wanagawa misingi hiyo katika makundi matano. La 1 na la 2 ndiyo ya kawaida. La 4, na sehemu kubwa ya la 5, ni sintetiki kwa maana kamili, iliyojengwa kikemia. Ugomvi uko kwenye la 3: ni mafuta ghafi yaliyopikwa kwa haidrojeni na shinikizo kubwa hadi yakabadilika tabia. Mwaka 1999 nchini Marekani kulikuwa na mzozo wa matangazo kati ya Mobil na Castrol kuhusu jambo hilo, na uamuzi ukaangukia upande wa kuruhusu kundi la 3 liitwe sintetiki. Ujerumani walishika msimamo mkali zaidi kuhusu neno hilo. Ndiyo maana chupa mbili zote zimeandikwa sintetiki, moja bei mara mbili ya nyingine. Usikimbie kundi la 3, ni oili nzuri sana kwa gari la kawaida. Usilipie tu bei ya kundi la 4.

Ile ya katikati, nusu sintetiki, ni mchanganyiko, na hakuna kipimo kimoja kinachomlazimisha mtengenezaji aweke sintetiki kiasi gani. Nusu kwa jina. Naitumia nikikosa, basi.

Je, sintetiki kweli ni bora? Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima oili kwenye maabara mwaka 2017 kikakuta sintetiki inaishinda ya kawaida kwa wastani wa asilimia 47 kwenye vipimo vyao vya kustahimili. Siipingi. Lakini ubora wa oili una faida pale tu injini yako inapouhitaji, na hapo ndipo kazi ilipo.

Hatua ya nne: liweke gari lako kwenye fungu lake

*Toyota za petroli za kisasa kiasi*, yaani Wish, Premio, Axio, Fielder, Vitz na ndugu zao za injini ya NZ au ZR. Hizi ndizo nyingi barabarani. Kama kifuniko kinasema 0W-20, umeshaamuliwa, kwa sababu oili nyepesi hivyo haitengenezwi vizuri kwa msingi wa kawaida. Karibu zote ni sintetiki. Kama unakwenda 5W-30, unaweza kupata ya kawaida nzuri, na itafanya kazi mradi huichelewi kuimwaga. Mimi kwa Wish natumia sintetiki, sababu nitakupa kwenye hesabu.

*Gari lenye tabo*, yaani turbo, feni inayoisukumia injini hewa zaidi. Subaru Forester za tabo, Prado na Hilux za dizeli ya D-4D, na magari yote ya aina hiyo. Hapa sibishani na mtu: sintetiki. Tabo huzunguka kwa kasi isiyosemeka huku imekalia mvuke wa moto wa egzosi, na oili inayopita kwenye shafti yake ndiyo huipooza. Ukitoka kupanda mlima kwenda Kapchorwa ukazima ghafla, oili iliyobaki mle ndani huungua. Ya kawaida huacha kaboni ngumu kwenye mirija, siku nyingine tabo inaanza kulia kama filimbi. Hata ukiweka sintetiki, iache injini ingurume gari likiwa limesimama dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

*Gari la Ulaya.* Mercedes, BMW, Volkswagen, Audi. Hapa hata namba ya unene na API hazitoshi. Unatafuta idhini ya mtengenezaji nyuma ya chupa, mfano MB 229.5 au VW 504.00. Kama haipo, rudisha chupa kwenye rafu hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Ukiona bei ya oili hiyo ni kubwa, basi hiyo ndiyo bei ya nyota kwenye boneti.

*Dizeli ngumu za zamani zisizo na tabo*, kama Hiace za injini ya 3L na 5L, au Land Cruiser ya 1HZ. Hizi zilibuniwa kabla ya makeke haya yote. Oili ya kawaida ya dizeli, 15W-40 ya CI-4, ikimwagwa kwa wakati, inatosha kabisa. Ndugu yangu anayepeleka abiria Masaka ameendesha 5L yake hivyo miaka yote. Siku nilipomshauri sintetiki alinicheka, na alikuwa na haki.

*Injini inayokula oili.* Kama unaongeza lita moja kila kilomita 1,000, na moshi wa bluu unakusindikiza kwenye kila taa za barabarani, usimwage pesa. Ringi zimeisha au sili za vali zimekauka. Weka ya kawaida ya 10W-40 au hata ya 50 kama fundi anayeijua injini yako atakavyoona, huku ukikusanya pesa za kuifungua. Hapa tu ndipo oili nzito ina udhuru wake.

*Gari ambalo hujui historia yake.* Hili ni fungu la watu wengi zaidi ya wanavyodhani. Fungua kifuniko cha oili, tazama chini kwa tochi ya simu. Chuma cha rangi ya asali ni dalili njema. Ukiona tope jeusi kama masizi yaliyochanganywa na grisi, usiingie na dawa ya kuosha injini. Ile dawa hubomoa mabonge makubwa kwa mpigo, yanakwenda kuziba chujio la pampu chini ya sampu, na hapo umeua ulichokuja kuponya. Weka oili ya kawaida yenye daraja zuri, imwage baada ya kilomita 1,500 pamoja na filta, rudia mara moja au mbili, kisha ndipo uhamie sintetiki.

Na watu wa boda, msichukue oili ya gari eti imebaki. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ya injini, na oili za kisasa za magari zina dawa za kupunguza msuguano. Klachi itaanza kuteleza. Yenu imeandikwa JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki.

Hatua ya tano: piga hesabu kwa kilomita, na kwa masaa

Tuchukue bei za mfano. Wewe weka za dukani kwako. Tuseme lita nne za kawaida ni shilingi 70,000 na lita nne za sintetiki ni 180,000. Filta 15,000, mkono wa fundi 10,000. Sevisi ya kawaida inakuwa 95,000, ya sintetiki 205,000.

Unakwenda kilomita 20,000 kwa mwaka. Ya kawaida unaimwaga kila 5,000: mara nne, 380,000. Sintetiki ukiimwaga kila 10,000 ni mara mbili, 410,000. Karibu sawa. Ukiimwaga kila 7,500, inakuja kama 547,000. Na ukiimwaga kila 5,000 kwa sababu fundi alikubandikia hivyo kwenye kioo, ni 820,000, na hapo umewapa watu sadaka.

Basi ipi kati ya 7,500 na 10,000? Toyota, kwa magari yake ya petroli yasiyo na tabo huko Japani, hutaja kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu yake kwa matumizi magumu. Matumizi magumu ni vumbi, safari fupi fupi, na kusimama-kwenda kusimama-kwenda. Sijui kama walituona Jinja Road saa kumi na mbili jioni, ila wametueleza sisi. Kumbuka pia kwamba dashibodi haihesabu muda uliokaa kwenye jam. Kilomita 5,000 za mjini kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni masaa 333 ya injini kunguruma. Kilomita hizo hizo kwenye barabara ya Gulu kwa mwendo wa 70 ni masaa 71 tu. Oili inaona masaa, haioni kilomita.

Kwa hiyo mimi wa spesheli, sintetiki yangu naimwaga kwenye 7,500. Nazidi mwenye oili ya kawaida kwa shilingi 167,000 kwa mwaka, kama 14,000 kwa mwezi, ambazo kwa bei ya sasa hazifiki lita tatu za petroli. Nazilipa kwa moyo mweupe, kwa sababu najua nafsi yangu: wiki ya kazi nyingi nitachelewa sevisi, na sintetiki inanisamehe kilomita 1,000 za uzembe kuliko ya kawaida. Kama wewe ni mtu wa tarehe na daftari, na gari lako halina tabo wala halitaki 0W-20, ya kawaida kila 4,500 hadi 5,000 itakufikisha popote. Gari la kwenda kanisani na sokoni tu halina ruhusa ya kukaa miaka miwili na oili ile ile. Mwaka mmoja, imwage, hata kama halijafika 3,000.

Hatua ya sita: hakikisha ulichonunua ndicho

Maana yote hapo juu ni bure kama dumu lina oili iliyokwisha kutumika, ikachujwa kwa kitambaa na kupakwa rangi. Niliwahi kununua lita nne kwenye kibanda fulani kwa bei iliyonifurahisha. Wakati wa kumimina, fundi akasita. Oili ilikuwa nyepesi kama maji ya chai, na harufu yake ilikuwa ya kuungua, ilhali ilikuwa "mpya". Tukaimimina tena kwenye dumu, lakini aliyeniuzia alikuwa ameshafunga.

Siku hizi nanunua kituo cha mafuta cha kampuni yenyewe au kwa wakala wake, nadai risiti, na naangalia mambo machache. Pete ya kifuniko iwe haijakatika, na foili ya ndani iwe imebanwa sawasawa, si gundi. Namba ya toleo kwenye chupa isifutike kwa kucha. Chupa mbili za aina moja ziwe na rangi moja ya plastiki na lebo zilizokaa mahali pamoja. Bei ikiwa nusu ya kwingine, usijipongeze. Ukishakamatwa, peleka chupa na risiti UNBS, shirika la viwango la Uganda. Viwango ndiyo kazi yao.

Hatua ya saba: siku ya kumwaga

Mwaga injini ikiwa na joto la kiasi, si moto wa kuchoma. Filta mpya kila mara. Kuweka sintetiki juu ya filta ya zamani ni kuvaa shati safi bila kuoga. Paka oili kidogo kwenye mpira wa filta, ikaze kwa mkono. Kipete cha nati ya sampu (wanakiita washa) kibadilishwe, ni kitu cha bei ya soda.

Kutoka kawaida kwenda sintetiki hakuhitaji sherehe, na kurudi pia. Zinachanganyika. Ukiishiwa Karuma na kilichopo ni ya kawaida yenye namba ile ile, ongeza uendelee na safari. Lile neno kwamba sintetiki "inavujisha" gari lina ukweli nusu: sili iliyokauka ilikuwa imezibwa na tope, tope likisafishwa, tundu linaonekana.

Usimimine yote kwa mkupuo kwa kuwa chupa ni ya lita nne. Injini nyingine zinataka 3.7. Mimina, washa dakika moja, zima, ngoja dakika tano mahali tambarare, chomoa kijiti. Iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu, isiipite. Andika kilomita na namba ya oili kwenye karatasi uibandike mwenyewe. Halafu kila Jumamosi, kijiti. Oili ikiwa nyeusi usishtuke, inabeba uchafu, na kwenye dizeli hugeuka siku ya pili. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, zima injini, maji yameingia. Ikinuka petroli, tafuta fundi kabla ya kuendelea.

Oili chafu isimwagwe mtaroni; mitaro ya mjini inakwenda Nakivubo, na Nakivubo inakwenda ziwani tunakochota maji. Gereji nyingi zina pipa lake, ulizia kabla hujafungua nati. Na lile dumu tupu usiliache juu ya meza. Mara ya mwisho kijana alinijia mbio, mpole kabisa: "Ssebo, naomba dumu, nitakupa elfu mbili. Ila liwe na kifuniko chake." Nikamwomba fundi msumari na nyundo, nikalitoboa tundu tatu chini, nikampa bure. Hakulichukua.